Mdogo wangu kakamatwa na bastola iliyofutwa namba huku Minnesota, naombeni ushauri

Mluguru_Ughaibuni: Wakuu habari za muda huu. Niko Minnesota na mdogo wangu, yeye ana grinikadi (kibali cha kuishi huku moja kwa moja, sio uraia). Juzi usiku polisi wamemsimamisha taa ya nyuma haiwaki, kupekua gari wakakuta bastola na namba zake zimekwanguliwa hazisomeki. Anasema kauziwa na jamaa wa kazini kwa bei ya kutupa, habari za namba hana. Mi nilijua huku bunduki ni kama simu tu kila mtu anayo, kumbe namba peke yake ni kesi? Anaweza kufungwa miaka mingapi, na makaratasi yake je? Bi mkubwa nyumbani bado hatujamwambia.

KonaYaMahakama: Pole sana mkuu. Kwanza dogo afunge mdomo mpaka awe na wakili. Na wewe akikupigia toka jela usimuulize kanunua wapi wala kwa nani, zile simu zinarekodiwa na msijidanganye eti mnaongea Kiswahili, wanaleta mkalimani inatafsiriwa neno kwa neno mnakuja kusomewa mahakamani. Hela ya wakili kama hamna aombe wa bure anayepangiwa na mahakama, watu wanawadharau bure tu wale.

DerevaWaLori: Sheria ya jimbo, kifungu 609.667, ni mpaka miaka 5 au faini mpaka dola 10,000 au vyote. Na sio lazima awe yeye aliyeikwangua, kukutwa nayo inatosha. Wakiipeleka federali, yaani mahakama za serikali kuu ya Marekani, kuna kifungu 922(k), nayo mpaka miaka 5, ila huko lazima wathibitishe dogo alijua namba imefutwa, kwa hiyo meseji zake na huyo muuzaji ndo kesi yenyewe. Usithubutu kuzifuta, utamfuata ndani.

Mluguru_Ughaibuni: Sasa namba tu inawauma nini hivyo?

DerevaWaLori: Toka sheria ya 1968 kila kiwanda lazima kigonge namba, silaha ikiokotwa kwenye tukio wanafuatilia toka kiwandani mpaka duka lililoiuza mara ya kwanza. Ikifutwa wanajua kuna mtu anaficha kitu. Alafu maabara wanapaka asidi mara nyingi namba inarudi, sasa omba Mungu isije ikawa imeibiwa au imeshaua mtu.

Jembe_la_Kale: Mbona kuna jaji West Virginia 2022 alisema hiyo 922(k) inapingana na katiba? Dogo atatoka huyo

KonaYaMahakama: @Jembe_la_Kale usimpe mwenzio matumaini hewa. Mahakama ya rufaa ilitengua ule uamuzi Agosti 2024, na hata usingetenguliwa haukuwa unaibana mahakama yoyote ya Minnesota.

Mama_Wawili_MN: Jamani mnahesabu miaka tu, mtu mwenye grinikadi kitanzi chake kiko uhamiaji. Kosa la silaha likimtia hatiani, hata asipolala jela siku moja, wanaweza kumrudisha nyumbani, na hapo uraia ndo usahau. Mawakili wa jinai wengi watamwambia kubali kosa upewe probesheni (kifungo cha nje) uende zako, mtu anafurahi anasaini, baadae ICE, wale askari wa uhamiaji, hao mlangoni. Kuna kesi ya Padilla ya Kentucky, dereva wa lori kakaa Marekani miaka 40 na Vietnam kapigana, wakili akamwambia usijali kuhusu uhamiaji, akakubali kosa la bangi akajikuta anatakiwa kuondolewa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikasema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja hilo kabla hajakubali kosa. Kwa hiyo asisaini kitu mpaka wakili wa uhamiaji auone, na hata dhamana ulizeni kwanza kabla hamjalipa, isije ikawa akitoka tu ICE wanamdaka.

Jembe_la_Kale: Ila ashukuru hayuko Bongo, silaha bila kibali ni uhujumu uchumi ile

Mluguru_Ughaibuni: Asanteni wakuu. Kesho anapandishwa kizimbani na wakili wake kasema asubuhi atakuja dakika chache tu kabla, hilo la makaratasi nimuulize mimi au dogo mwenyewe?

Mama_Wawili_MN: Dogo mwenyewe, wakiwa wawili tu, wewe kaa nje. Unayoambiwa wewe hayana ulinzi, wanaweza kukuita shahidi.