Evo IX au STI ya 2006: ipi inakwenda zaidi?

MpendaKona: Wakuu, nimebakiza magari mawili mezani: Mitsubishi Lancer Evolution IX na Subaru Impreza WRX STI ya 2006. Yote gia za mkono, yote turbo. Lipi lina mbio, na lipi linashika kona zaidi? Nalipa wiki hii.

FundiBoksa: STI ipi mkuu? Yenye injini ya EJ207 ya lita 2.0 ya soko la Japani, au EJ257 ya lita 2.5? Injini imeguswa? Unaweka petroli ya okteni ngapi? Bila hayo tunabahatisha.

ChumaCha4G63: Chukua Evo. Japani yote mawili yaliandikwa 280 PS (nguvu farasi), ila injini ya Evo IX, 4G63, ina MIVEC (inabadilisha muda wa kufunguka valvu) kwenye kamshafti ya inteki, turbo inaamka mapema. Bloku ni ya chuma, inabeba busti (shinikizo la turbo). Kwenye kona AYC, mfumo wa difu ya nyuma, inapeleka nguvu zaidi kwenye tairi la nyuma la upande wa nje, pua inaingia ndani badala ya kuteleza kwenda nje.

FundiBoksa: Taja na pampu basi. Pampu moja ndiyo inayohudumia ACD (difu ya kati) na AYC. Ikila kutu, taa za onyo zinawaka na mifumo yote miwili inalala. Hakikisha unaweza kubadilisha Tarmac, Gravel na Snow bila taa kubaki. Evo ya toleo la RS haina AYC kabisa, nyuma ina LSD ya kimekanika (difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure), kwa hiyo hapo kichwa hakiumi.

MpendaKona: STI ni 2.5. Muuzaji anasema ni "stage 2", yaani egzosti kubwa na programu mpya ya injini. Naweka okteni 95.

Kipimo_Kwanza: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Kuna EJ257 ilifunguliwa gereji kwa sababu ya moshi wa bluu na oili kupungua. Ilifungwa egzosti kubwa na kuwekewa programu iliyoandikwa kwa petroli ya okteni ya juu kuliko iliyokuwa ikitiwa. Dereva akikanyaga akiwa gia ya tano, RPM ziko chini, busti inapanda na injini inagonga (petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda), na kwa kelele za egzosti hiyo hakuna anayesikia. Pistoni za EJ257 ni za kusubu. Ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili hauvumilii kugongwa. Ulikatika silinda namba 4. Kompresheni ilionyesha tofauti ndogo tu. Kipimo cha uvujaji (unapuliza hewa kwenye silinda usikie inatokea wapi) ndicho kilichofichua: hewa ilisikika ikipuliza kwenye mdomo wa kutilia oili. Dai kipimo hicho kwa silinda zote nne, injini ikiwa ya moto. Muuzaji akikataa, ondoka.

FundiBoksa: Kwa STI hiyo, ongeza bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu. Linapasuka kwenye maungio, pampu inavuta hewa, bearingi zinakwisha. Kubadilisha ni kazi ndogo ukilinganisha na kranki.

ChumaCha4G63: Nami niseme ukweli wa Evo: mkanda mdogo wa balansi shafti (ya kupunguza mtetemo) ukikatika unaweza kunaswa na mkanda mkubwa wa taiming, valvu zikakutana na pistoni. Badilisha yote miwili kwa pamoja, na tenshena yake.

Ngurumo: Mnasahau sauti! Boksa (injini ya Subaru, pistoni zimelala) inanguruma, Evo haina hiyo.

FundiBoksa: Ngurumo ile inatokana na hedazi (mabomba ya egzosti yanayotoka kwenye injini) za urefu tofauti. EJ207 yenye turbo ya twin scroll (njia mbili za moshi) ina hedazi za urefu sawa, haingurumi hivyo. Usinunue gari kwa sauti.

Ngurumo: Kwa gari la mbio, sauti ni nusu ya raha.

MpendaKona: Nina rimu za STI ya 2004, zitaingia?

Kipimo_Kwanza: Hapana. 2004 ni 5x100 (nati tano kwenye duara la mm 100), kuanzia 2005 ni 5x114.3. Achana na rimu, kipimo kimefanyika?

MpendaKona: Muuzaji anasema kompresheni inatosha.

ChumaCha4G63: Na Evo je, ina kilomita ngapi? Mkanda ulibadilishwa lini?