Neno "leaf" la Kiingereza lina maana ngapi jamani?

mfasiri_kijana
Wakuu habari za humu. Nina kazi za kutafsiri nimekwama na hili neno leaf. Kwenye maelekezo ya meza wameandika "lift the leaf", kwenye makala ya hati za kale wanasema hati ina "120 leaves", halafu kwenye hadithi kuna jamaa "turned over a new leaf". Leaf ni jani hilo halina ubishi, ila hapo kote jani haliingii kabisa. Kuna kitu kinachounganisha hizi maana au kila moja unaikariri kivyake? Na hiyo 120 niandike kurasa 120?

karani_wa_vitabu
Mkuu hapo kwenye hati usiandike kurasa 120 tafadhali, utampotosha msomaji. Leaf ya kitabu ni karatasi nzima yenye pande mbili, page ni upande mmoja, kwa hiyo leaf 120 ni kurasa 240. Andika "karatasi 120" basi. Watu wa hati za kale wanahesabu karatasi, upande wa mbele wanauita recto na wa nyuma verso, ndo maana unakuta 15r na 15v. Na ukishajua hilo mengine yanafunguka yenyewe: "overleaf" ni upande wa pili wa karatasi uliyoshika, "leaf through" ni kufunuafunua kitabu haraka bila kusoma kwa makini, na huyo jamaa wa hadithi kageuza karatasi ya kitabu, hajageuza jani la mti, kwa hiyo kwetu ni kufungua ukurasa mpya, inakaa vizuri tu japo kwa hesabu ukurasa sio leaf. Kuna na "take a leaf out of someone's book", hiyo ni kuiga mfano wa mtu, mara nyingi kwa jambo zuri.

mikono_kazini
Kinachounganisha kipo. Angalia umbo: kitu bapa, chembamba, na mara nyingi kimeshikwa upande mmoja. Hapo kwenye meza ni ule ubao wa pembeni unaoning'inia kwenye bawaba, ukitaka nafasi unauinua, ila angalia kuna meza nyingine leaf ni ubao wa kuongezea katikati, so soma maelekezo yote kwanza. Bawaba yenyewe nayo, vile vibati viwili vinavyopigwa skrubu, kila kimoja ni leaf. Springi za lori zile za vyuma bapa vilivyolaliana, kila chuma ni leaf.

Ila inayonikosha zaidi ni "gold leaf". Ni dhahabu inagongwa inagongwa mpaka inakuwa na unene kama mikroni 0.1 hivi, yaani upange elfu kumi ndo upate milimita moja! Ukiigusa kwa kidole inanata na kuchanika, mafundi wanainyanyua kwa brashi laini bapa. Ukiiita jani la dhahabu msomaji atawaza pambo la shingoni, mimi ningesema utando wa dhahabu.

mti_na_mizizi
Naongezea, sio Kiingereza peke yake. Blatt ya Kijerumani ni jani na ni karatasi, feuille ya Kifaransa hivyohivyo, na folium ya Kilatini ni jani, humo ndo ilitoka folio ya vitabu. Kiarabu pia waraqa ni jani na ni karatasi, sisi tukachukua waraka, jani tukaliacha hukohuko. Kwenye kompyuta nako data zikipangwa kama mti, nodi, yaani kila kituo cha data kwenye huo mti, isiyo na nodi nyingine chini yake inaitwa leaf, na hapo kweli jani linaingia bila shida.

mfasiri_kijana
Asanteni sana, hii ya umbo imenisaidia mno. Sasa wingi ni leaves, mbona ile timu ya Kanada inaandikwa Maple Leafs?

karani_wa_vitabu
Kwenye Kiingereza cha kale f ikikaa katikati ya vokali, au kati ya l na vokali, ilitamkwa v, ndo yakabaki leaves, knives, wolves, japo roofs na chiefs hayafuati. Ile ni timu ya hoki ya barafu ya Toronto, jina hilo wanalo tangu 1927, na hapo Maple Leaf imechukuliwa kama jina, ikaongezwa s tu bila kubadili herufi. Cha kuangalia zaidi ni "he leaves", hiyo inatoka kwenye kitenzi leave, anaondoka, na leave ya likizo ni neno jingine tena, zote hazina undugu na jani.

mikono_kazini
Na kwenye hizo hadithi ukikuta mtu wa London anamwita mwenzake "tea leaf" usiandike majani ya chai, anasema mwizi. Wanachukua maneno yenye vina na lile wanalolikusudia, leaf na thief.