Kisima HAKIJAKAUKA! Pimeni kwanza, acheni kuomba kuchimbiwa kingine

Wakuu, kila kiangazi ni wimbo ule ule kwenye skimu za umwagiliaji za visima virefu. Maji yamepungua, kamati inaitisha mkutano, mkutano unaandika barua ya kuomba kisima kipya. Uliza maji yakiwa yametulia yako mita ngapi kutoka juu, wanatazamana. Skimu ina pampu ya mamilioni, dipa, yaani tepu ya kupima kina cha maji kisimani, hakuna!

Chukua kisima cha mita 80, kesingi (bomba la ukuta wake) nchi 8, pampu imening'inizwa mita 48, inatoa lita 15 kwa sekunde. Siku ya kukabidhiwa maji tuli yalikuwa mita 18, na pampu ikifanya kazi yakashuka hadi 35. Leo tuli ni 18 ile ile, lakini kwa lita 15 zile zile yanashuka hadi 44. Hapo ardhi haijaishiwa maji. Chujio na changarawe vimeziba, kwa kutu, chokaa au ute wa bakteria wa chuma. Mwanzo kila mita ya mshuko, yaani maji yanavyoshuka kutoka tuli pampu ikifanya kazi, ilitoa lita 0.88 kwa sekunde, sasa 0.58. Theluthi nzima imepotea na hakuna aliyeshtuka, maana bombani yanatoka yale yale mpaka siku pampu inapoanza kuvuta hewa.

Maji yakipungua bombani na mshuko nao ukapungua, kisima ni kizima: impela (panga za pampu zinazosukuma maji) zimelika kwa mchanga au bomba la kupandishia limetoboka. Tuli yenyewe ikizidi kushuka mwaka hadi mwaka, hapo ndipo muende bodi ya maji ya bonde. Na hata hapo, kuchimba kingine mita 50 pembeni ni kunyonya maji yale yale kwa mirija miwili.

Kuziba kunatibika. Pampu inatolewa, kisima kinasukwa kwa pistoni na kupulizwa kwa kompresa mpaka maji yatoke meupe. Kama ni bakteria, klorini: kisima hiki kina kama lita 2,000 za maji, kwa hiyo kilo 1.5 za klorini ya unga ya asilimia 65 zinakupa karibu miligramu 500 kwa lita. Ilale usiku mmoja, kisha maji yatupwe nje ya mfereji mpaka harufu iishe. Chokaa inataka asidi, na asidi na klorini HAZIKUTANI kisimani, gesi yake inaua. Kazi hiyo aachiwe fundi anayeijua.

Sasa njooni kwenye paneli ya umeme ya pampu, hapa ndipo hasira zinanipanda. Kibati cha mota kimeandikwa ampia 32, ovalodi (swichi inayokata umeme mota ikizidiwa) imekazwa hadi 40 "isitusumbue". Jamani, ovalodi ikiruka inawaambia kitu! Pimeni fezi zote tatu. Tofauti ya ampia ikizidi asilimia 5, zima, tafuta waya uliolegea au kontakta (swichi inayowasha mota) iliyoungua. Kinga ya fezi kukatika na elektrodi za kuzima pampu maji yakishuka ndizo za kwanza kurukwa kwa kipande cha waya ili zisifanye kazi. Halafu mota ikiungua, lawama kwa umeme.

Mfereji nao mnausahau kabisa. Wekeni kibao cha chuma chenye mkato wa V wa nyuzi 90 mwanzoni na kingine mwishoni. Rula isomwe sentimita 70 nyuma ya kibao, si kwenye mkato wenyewe, pale maji yameshainama. Ukisoma sentimita 16.4 kwenye kibao cha mwanzo na 13.4 kwenye cha mwisho, na hakuna toleo la shamba lililofunguliwa katikati, hizo sentimita tatu mnazozidharau ni lita 6 kati ya 15. Asilimia 40!

Sasa pigeni hesabu ya luku. Ekari moja ikinyweshwa milimita 50 inataka mita za ujazo kama 202. Kwa lita 15 ni saa 3 na dakika 45, na pampu inayovuta kilowati 13.4 inakula uniti 50. Kwa mfereji unaovuja ni zaidi ya saa 6, uniti 84. Uniti 34 zinamwagilia magugu na mashimo ya panya, na analipa mkulima wa mwisho ambaye ndiye hapati maji.

Nyufa za viungo vya zege la mfereji zichokolewe mpaka chini, mizizi itolewe, ndipo zijazwe lami na mchanga. Kupaka saruji juu juu ni kujidanganya, mwezi tu imebanduka. Ukingo wa udongo ujazwe kwa tabaka za sentimita 15, unyevu kidogo, ushindiliwe. Kule Kilimanjaro Wachagga wamesafisha mifongo yao (mifereji yao ya asili) kwa kutoka wote, asiyetokea anatozwa, na mifongo hiyo haikuwa na mhandisi. Nyinyi mna katiba ya umoja, mhuri na posho za vikao.

Kwa hiyo kabla ya kupandisha ada ya zamu, bandikeni ubaoni: tuli, mshuko, lita kwa sekunde, ampia za fezi tatu, uniti na saa za pampu, kila wiki. Dipa, vibao viwili na daftari ni nafuu kuliko kuunguza mota.

Na kama humu kuna kamati yenye daftari la msimu mzima lililojazwa, itupie picha hapa tuione.