Kupanga safari ya maziwa ya Rutamba na Kitere

Hamburg

Ndugu zangu wapendwa, nawasalimu nyote, na kwa walionizidi umri nasema shikamooni. Mimi na mume wangu tuko Hamburg mwaka wa kumi na moja sasa, na mwakani tumekusudia kuwapeleka nyumbani Lindi watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 13 na mwingine wa miaka 9, ambao hawajawahi kufika. Marehemu bibi yangu mzaa mama alizaliwa Msumbiji, akavushwa mto Ruvuma akiwa msichana mdogo wakati wa vita, akakulia Rutamba, na kila alipotusimulia habari za utoto wake alianzia ziwani. Nataka watoto walione ziwa hilo.

Tukishaondoa siku za Dar es Salaam tunabakiwa na siku 10 za kusini. Rafiki yetu ametuchorea njia inayoanzia Kilwa, ikapita Tendaguru, Rutamba, Rondo, Masasi na Newala, ikateremka hadi ziwa Kitere na kuishia Mikindani na Msimbati. Naomba wenye uzoefu wanieleze kama njia hiyo inawezekana kwa siku hizo, kama ni heri tuje Julai au Desemba, na kama watoto wanaweza kuogelea ziwani, kwa kuwa hilo ndilo wanaloniuliza kila siku.

Lindi

Marahaba mwanangu, na karibuni nyumbani. Niliishi Aarhus, Denmark, miaka 19 kabla ya kurudi hapa Lindi, kwa hiyo najua jinsi likizo ya ughaibuni inavyomfanya mtu atake kuona kila kitu kwa mkupuo mmoja. Nakushauri kwa moyo wote uikate njia hiyo, ubakize nusu yake au pungufu ya nusu. Vituo tisa kwa siku 10 vitawafanya watoto washinde ndani ya gari, na ziwa la bibi yao wataliona kwa saa moja huku dereva akiangalia jua.

Tuanze na msimu, kwa sababu ndio unaoamua mengine yote. Mvua za huku kwetu ni za msimu mmoja, huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Desemba ina maembe, ina mabibo ya mwisho, na mtu aliye kwenye baridi ya Ulaya anaitamani sana, nami niliitamani. Mwaka mmoja, nikiwa bado naishi Aarhus, nilikuja Desemba na wageni wanne tukakodi gari dogo kwa mtu aliyetuhakikishia kwamba barabara ya Rutamba ni nzuri mwaka mzima. Mvua ilinyesha usiku tukiwa Lindi, asubuhi tukaondoka hivyohivyo, na kabla ya kufika kijijini gari lilizama kwenye tope hadi chini ya milango. Vijana walikata matawi, wakayatandika mbele ya magurudumu, wakasukuma hadi wakachoka, na gari halikutoka. Tulilala barazani kwa mzee mmoja ambaye hakutudai hata shilingi, na kesho yake tulikaa ziwani dakika arobaini tu kwa sababu tulikuwa na basi la kuwahi. Wageni walishukuru kwa adabu, lakini mimi nililia njia nzima, maana nilikuwa nimewaahidi mahali ambapo sikuwapa nafasi ya kupaona. Njooni Julai au Agosti, ambapo na shule za huko zimefungwa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni kilomita kama 450, zote za lami, na mtavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, ambalo lina urefu wa mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Waeleze watoto kwamba kabla yake watu walisubiri kivuko. Hata hivyo msiitegemee barabara hiyo kama saa ya ukutani. Mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga, watu walikwama pande zote mbili. Kiangazi hatari hiyo ni ndogo, lakini siku ya kurudi Dar es Salaam isiwe ndiyo siku ya kupanda ndege ya Ulaya. Mkipenda kuokoa muda, pandeni ndege ya ndani hadi Mtwara na mkodi gari huko, halafu muifanye njia yenu kinyumenyume.

Sasa Rutamba yenyewe. Haifiki kilomita 50 kutoka Lindi mjini, kuelekea magharibi, na ndiyo sababu watu huidharau na kuiwekea asubuhi moja. Ipeni siku tatu. Siku ya kwanza ni ya kujitambulisha, na hapo naomba unisikilize vizuri. Usiende moja kwa moja ziwani. Nenda kwanza ofisi ya kijiji, uonane na mtendaji na mwenyekiti, uandike majina yenu katika kitabu cha wageni na useme waziwazi kilichowaleta. Baada ya vita vya ukombozi kuanza Msumbiji mwezi Septemba 1964, Rutamba ilikuwa moja ya makazi makubwa ya wakimbizi waliovuka Ruvuma, na ingawa wengi walirejea kwao baada ya uhuru wa mwaka 1975, historia hiyo bado ipo vichwani mwa wazee. Kwa hiyo kabla ya kusafiri andika kwenye karatasi jina la bibi yako, jina la baba yake na la mama yake, ukoo wao, na kijiji walichotoka kule ng'ambo. Ukitaja jina la bibi peke yake utapewa pole. Ukitaja ukoo na kijiji, mzee ataomba kigoda, ataagiza mtoto akamwite mwenzake wa nyumba ya tatu, na wao wawili wataanza kusahihishana. Mazungumzo hayo hayana saa, na mtu aliyeacha gari likinguruma nje hawezi kuyapata.

Siku ya pili ndiyo ya ziwa. Fikeni alfajiri, wakati ukungu bado umelala juu ya maji na wavuvi wanarudi kutoka kutegua nyavu. Mara ya mwisho nilipokuwa pale, kijana mmoja alikuja na mtumbwi wa gogo uliokuwa na ufa ubavuni, ameuziba kwa kitambaa na lami, na kila baada ya mapigo machache ya kafi aliacha kupiga akachota maji kwa dumu la mafuta lililokatwa nusu. Ndani alikuwa na perege hawazidi ishirini na kambale wawili. Mama aliyewanunua aliwapara palepale kwenye jiwe, magamba yakamganda mikononi hadi viwikoni yaking'aa, na kabla jua halijawa kali tulikuwa tunawala kwa ugali wa muhogo. Wanao wakipata asubuhi kama hiyo, hawatakuuliza tena bibi alikuwa anazungumzia nini.

Kuhusu kuogelea, jibu langu ni hapana, na naomba lisijadiliwe na watoto. Maziwa na mito ya kusini uyahesabu kuwa yana mamba mpaka mwenyeji akuambie vingine, na hata pasipo mamba kuna kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu, kwa hiyo hata kuchovya miguu ukingoni kunatosha kumwambukiza mtu. Mkiwa mmegusa maji, wakumbusheni madaktari wa Hamburg wawapime, lakini si wiki ileile mnayorudi. Vipimo huanza kuaminika baada ya wiki sita hadi nane au zaidi, na dawa yake, prazikwanteli, inatibu vizuri. Malaria nayo bado ni nyingi mikoa yetu miwili ya Lindi na Mtwara, na watoto waliokulia Ulaya hawana kinga kama waliyokuwa nayo wazazi wao utotoni, wala wewe huna tena baada ya miaka 11. Anzeni dawa ya kinga kabla ya safari, muimalize baada ya kurudi kama daktari atakavyoandika, mlale ndani ya chandarua, na homa yoyote itakayotokea mkiwa mmesharudi Hamburg semeni mlangoni kwa daktari kwamba mmetoka Lindi. Kuogelea wataogelea baharini, Mikindani au Msimbati, ambako kichocho hakipo.

Siku ya tatu tembeeni msitu wa hifadhi wa Litipo, ulio jirani na ziwa, baada ya kuuliza taratibu za kibali kwa watu wa misitu hapa Lindi. Humo anaishi komba mdogo kuliko komba wote, aitwaye komba wa Rondo, ambaye uzito wake ni gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Hapatikani nje ya Tanzania, na yumo hatarini kutoweka kwa sababu misitu anayoishi imebaki vipande vipande. Hutoka usiku, kwa hiyo hamtamwona mchana, lakini mkikaa hadi giza liingie mnaweza kumsikia akiita, na kwa mtoto wa miaka 9 hilo ni jambo kubwa.

Tendaguru ningeiacha safari hii. Ni kilima chenye pori, na mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dainosari, iliyochimbuliwa pale haipo tena. Wapeleke watoto makumbusho ya Berlin kabla hamjaondoka, wasimame chini ya ule mjusi wenye kimo cha zaidi ya mita 13, uwaambie kwamba kati ya 1909 na 1913 mifupa ile ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Wakifika Lindi, simameni ufukweni, wapaone mahali wapagazi hao walipoishia na mizigo yao. Kilwa ni safari ya peke yake. Masasi pia iacheni.

Kitere ifanyeni ziara ya siku moja mkiwa mmelala Mikindani, kwa kuwa ipo wilaya ya Mtwara vijijini na ina ziwa na mashamba ya mpunga kwa pamoja. Newala nendeni mkiwa na siku ya ziada, mkasimame Shimo la Mungu, ambapo uwanda wa juu wa Makonde unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana lote chini. Lakini vijiji vya kando ya Ruvuma msiviingie bila kuuliza kwanza ofisi ya wilaya, kwani mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu waliotoka ng'ambo, na wenyeji wa kule wana haki ya kuwa macho na mgeni asiyejulikana.

Julai na Agosti pia ni wakati wa jando na unyago. Mkisikia ngoma, msiifuate kwa miguu wala kwa simu ya kupigia picha. Ngojeni mwalikwe, na mkialikwa fuateni mlichoelekezwa. Watoto wafundishwe shikamoo tangu sasa, hadi iwatoke bila kukumbushwa, na wewe beba kanga za kutosha. Zawadi kwa mwenyeji iwe sukari, sabuni, chumvi na mafuta, ukabidhi mkononi mwa mama wa nyumba. Pipi za kuwarushia watoto wa kijiji dirishani mwa gari ziacheni, tafadhali, kwa sababu zinawafundisha wanetu kukimbilia magari.

Muscat

Shikamoo shangazi. Naongeza machache tu, kwa kuwa tulifanya safari hiyo Agosti iliyopita. Dada, kodi gari lenye chesi ya juu hata kama ni kiangazi, na umchukue dereva wa Lindi badala ya kutoka naye Dar es Salaam, maana wetu wa Dar es Salaam alikuwa mtu mwema lakini hakujua hata njia panda moja baada ya lami. Jazeni mafuta mjini. Laini ya simu mtasajili kwa alama za vidole, na wenye pasipoti za kigeni waende nazo dukani. Kabla ya kununua ulizeni watu wa Rutamba wanatumia mtandao upi. Toeni fedha taslimu za noti ndogondogo kwa wakala mkiwa Lindi, kwani wakala wa kijijini anaweza kukosa salio la kutosha siku mnayomhitaji.

Hamburg

Shangazi, nakushukuru sana, nawe kaka wa Muscat. Tumekubaliana na mume wangu tuje Julai: siku mbili Lindi, nne Rutamba, tatu Mikindani pamoja na Kitere, na moja ya akiba kabla ya kurudi Dar es Salaam. Watoto wamenuna kuhusu kuogelea, lakini mdogo ameanza kuchora komba mwenye ukubwa wa yai.

Jana usiku nilimpigia mama nikamuuliza yale uliyonielekeza. Alikaa kimya kitambo, kisha akanitajia jina la babu yake, la mkewe, la ukoo, na la kijiji kilichokuwa karibu na Mueda, nami nimeyaandika yote. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu: bibi alikuwa na mdogo wake wa kike ambaye wenzake waliporudi Msumbiji yeye alibaki Rutamba, akaolewa huko, na habari zake zikakatika. Shangazi, barua nimwandikie mwenyekiti wa kijiji au mtendaji?