Unga wa ini unawakuza panya wenye thairoksini nyingi, vitamini B12 haiwakuzi. Kwa nini?

Lishe_Panya: Habari zenu wakuu. Panya wa maabara, wameachishwa kunyonya siku ya 21. Chakula ni kaseini (protini ya maziwa) 20%, vitamini na madini kwa kanuni ya AIN-93G, ile ya chakula cha kawaida cha panya wa maabara wanaokua. Thairoksini, homoni ya tezi ya shingoni inayoufanya mwili utumie chakula haraka, imechanganywa kwenye chakula. Wanakula sana, uzito haupandi, hilo nililitarajia. Nikiongeza B12 hakuna kinachobadilika, ila unga wa ini 10% unawainua wazi. Je, ini lina kitu zaidi ya B12?

Mzani: Huenda linacho, ila jaribio lako haliwezi kuonyesha. AIN-93G tayari ina mikrogramu 25 za B12 kwa kilo, na panya hula kinyesi chake, hivyo anajiongezea nyingine. Pengo la kuzibwa halipo. Badili kaseini kwa protini ya soya isiyo na B12, ongeza methionini (asidi amino ambayo soya inayo kidogo) gramu 3 kwa kilo, tengeneza mchanganyiko wa vitamini usio na B12, na uweke vizimba vya sakafu ya waya (hupunguza tu, maana wengine hukidaka kinyesi kinapotoka).

Ukitumia unga wenye B12 0.1%, gramu 1 inatosha kilo 10 za chakula kupata mikrogramu 100 kwa kilo. Usiimwage yote mara moja: changanya kwanza na gramu 100, kisha kilo 1, ndipo kilo 10.

Tena, ini kavu ni protini kwa takriban theluthi mbili. Ulipoongeza gramu 100 kwa kilo, ulipunguza kaseini? Punguza kama gramu 75, la sivyo unalinganisha protini.

Daktari_Mifugo: Naongezea jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Thairoksini ipo kwenye chakula kilekile chenye ini, na ini lina madini mengi ya chuma. Chuma na kalisi huishika thairoksini tumboni isifyonzwe vizuri. Soya nayo huipunguza. Huenda kundi la ini limepona kwa sababu limepata homoni kidogo! Badala ya kuichanganya kwenye chakula, idunge chini ya ngozi kila siku saa ileile, kwa uzito wa siku hiyo. Iyeyushe kwanza kwenye sodiamu haidroksaidi hafifu, maana kwenye maji matupu haiyeyuki vizuri, kisha izimue kwa maji ya chumvi na uitunze gizani.

Mwishoni pima T4 (thairoksini yenyewe) na T3 (homoni inayotokana nayo) za damu, na uzito wa moyo kwa kila gramu 100 za mwili. Moyo wa kundi la ini ukiwa mdogo kuliko wa wenzao waliopewa homoni bila ini, huenda ini limeizuia homoni tu, halijaukuza mwili.

Lishe_Panya: Asante sana. Makundi manne yanatosha?

Mzani: Manne ni ya lazima: bila homoni na yenye homoni, kila upande na nyongeza unayoijaribu na bila nyongeza. Ongeza la tano: wenye homoni na nyongeza, kila mmoja apewe gramu alizokula jana mwenzake asiye na nyongeza. Akikua hapo, si ulaji tu. Na pima chakula kilichomwagika. Panya humwaga.