Misalaba miwili ya Kijerumani katika sanduku la babu: ilitengenezwa lini?

Mjukuu wa Kibokoni

Assalamu alaykum wazee wangu na ndugu zangu. Marehemu babu, mzaa mama, alikuwa na duka dogo la vitu vikuukuu hapa Mji wa Kale, na katika kugawana vilivyobaki sanduku lake limeniangukia mimi. Ndani yake mna misalaba miwili ya kijeshi ya Kijerumani. Wa kwanza una rangi ya shaba iliyofifia, una mapanga mawili yaliyopishana, na katikati, ndani ya duara la majani, pameandikwa 1914 na chini yake 1918. Mgongo wake ni mtupu, isipokuwa herufi ndogo sana ambazo nilizisoma kwa lenzi ya sonara: St. & L. Wa pili ni mweusi wenye kingo za fedha. Mbele una majani ya mwaloni na mwaka 1939, nyuma una mwaka 1813 peke yake.

Mjomba anashikilia kwamba ule wa kwanza alipewa baba yake babu, aliyekuwa mpagazi wa Waingereza, na afisa wa Kijerumani aliyetekwa vita vilipokwisha mwishoni mwa 1918, na kwamba ule wa pili una umri wa zaidi ya miaka 200. Je, zile herufi na jinsi vilivyoundwa vinaweza kutuambia ukweli?

Mkusanyaji wa Tudor

Wa alaykum salaam. Vinaweza, lakini kwanza uzizoee hila za miaka iliyoandikwa juu ya nishani za Wajerumani, kwa sababu mara nyingi mwaka ule ni wa tukio linalokumbukwa, wala si wa siku chuma kilipopigwa chapa.

Msalaba wako wa kwanza ni Msalaba wa Heshima wa Vita vya Dunia, ambao wengi huuita kwa jina la Hindenburg, rais aliyeuanzisha tarehe 13 Julai 1934. Wenye mapanga ulikuwa wa waliopigana mstari wa mbele, usio na mapanga ulikuwa wa waliotumika kwingineko, na wajane na wazazi wa waliouawa walipewa uliopakwa rangi nyeusi. Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa mjomba wako, hakuna afisa aliyeweza kuuvua kifuani mwaka 1918, maana ulikuwa bado miaka 16 kuwapo.

Herufi zako ni za kampuni ya Steinhauer & Lück ya mji wa Lüdenscheid, na hapa ndipo utamu wa kazi hii ulipo, kwa kuwa kampuni hiyo hiyo moja ilitumia alama tofauti kwa nyakati tofauti. Katika miaka ya thelathini iligonga vifupisho vya jina lake, kama hivi ulivyoviona. Wakati wa vita vya pili, watengenezaji walipewa namba: nishani zilizotolewa rasmi na serikali zilibeba namba tupu, na ya Steinhauer & Lück ilikuwa 4, ilhali zile ambazo askari alijinunulia dukani, ili awe na ya pili ya kuvaa, zilibeba herufi L, mkwaju na namba, kuanzia mwaka 1941; ya kampuni hii ilikuwa L/16. Ukiona L/16 juu ya kitu kinachodaiwa kuwa cha 1936, kirudishe kwa mwenyewe kwa upole.

Huo wa pili utazame vizuri zaidi. Msalaba wa Chuma ulianzishwa na mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, mwaka 1813, ukarudishwa 1870, 1914 na 1939, na mwaka ule wa kwanza ukabaki mgongoni kama kumbukumbu. Toleo la 1939, lililotolewa vita vikiendelea, lilikuwa na swastika, alama ya Wanazi, mbele. Lako lina majani ya mwaloni mahali pale, na jambo hilo lina sababu moja tu: sheria ya Ujerumani Magharibi ya tarehe 26 Julai 1957 iliwaruhusu wapiganaji wa zamani kuvaa nishani zao baada ya swastika kuondolewa. Basi msalaba wenye miaka miwili ya zamani juu yake haukutengenezwa katika wowote kati ya hiyo.

Sonara wa Makadara

Niongeze neno la fundi, kwa kuwa mwenzangu ameegemea mno herufi. Herufi hugongwa na yeyote mwenye nyundo na chapa, na wanaoghushi wanazijua orodha hizo kuliko sisi. Alama isiyokubaliana na chuma chake haina thamani.

Anza na sumaku: Msalaba wa Hindenburg ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, kwa hiyo lazima uidake. Kwa ule wa pili sumaku haitakufikisha mbali, kwani hata baadhi ya iliyotengenezwa baada ya 1957 ina moyo wa chuma. Huo uangalie ukingoni, ambapo vipande viwili vya fremu vimekutana na kuufunga ule moyo mweusi. Palipoungwa kwa ustadi utaona ufa mwembamba kama unywele. Kilichosubiwa kwa kalibu kuwa kitu kimoja hakina ufa huo, na mara nyingi kina vishimo vidogo vya hewa na majani yaliyovimba kana kwamba yametengenezwa kwa sabuni.

Kisha utepe, kama upo. Chukua taa ile ya kukagulia noti bandia dukani, uzime taa za chumba, uumulike. Pamba ya kabla ya vita haing'ari. Ikitoa weupe wa samawati, ule uzi ni wa miaka ya baadaye, ingawa utepe hubadilishwa na msalaba ukabaki ule ule.

Na tafadhali sana, usiusugue kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua sinia za shaba. Ile rangi ya shaba ni ngozi nyembamba tu, na hewa yetu ya chumvi inausubiri uvuliwe nguo.

Mjukuu wa Kibokoni

Nawashukuru nyote. Wa kwanza umeidaka sumaku, na utepe wake ulio mweusi, mweupe na mwekundu haukung'ara. Wa pili una ule ufa kama unywele, ila utepe wake umeng'ara kama kanzu ya Idi. Sasa nabaki na swali la njia: misalaba hii imefikaje Mombasa?

Mkusanyaji wa Tudor

Hapo alama hazisemi, na ninachoweza ni kukisia. Wajerumani wengi walirudi Tanganyika katika miaka ya ishirini kulima mkonge na kahawa, na Septemba 1939 walikamatwa na mali zao zikashikwa. Vitu vidogo huponyoka mikononi nyakati kama hizo, na Tanga si mbali. Ule wa pili ningemfikiria mtalii wa Diani au Bamburi aliyekuwa mzee tayari. Msalaba wa Hindenburg ulitolewa pamoja na hati yenye jina la mpewa, mahali na tarehe. Umeutazama ule mfuko wa karatasi chini ya sanduku?

Mjukuu wa Kibokoni

Mna stakabadhi za kodi ya duka na picha za harusi. Mjomba amesema hati iliungua, lakini hakusema lini.