"Chipsi za Kombe la Dunia": naweza kuuza bila kuitwa mwizi wa jina?

ChipsiWa58 (Nakuru)

Hamjambo. Nina kibanda cha chipsi na kuku hapa Section 58, viti 40, skrini moja. Kombe la Dunia linaanza Juni 11, 2026, na mwenye kuchapa mabango anangoja jibu langu. Nimepanga hivi: "CHIPSI ZA KOMBE LA DUNIA 2026" juu, picha ya kombe lenyewe katikati, jina la kibanda chini. Halafu kila goli likiingia, kila aliyenunua sahani anapewa soda ya bure.

Jirani ananiambia mdhamini ni McDonald's na kwamba nitajitia matatani. Sasa mbona hiyo kampuni haina hata duka moja Kenya? Inalipia nini hasa? Na hiyo soda, ina faida au najidanganya?

AlamaNaChapa (Kisumu)

Analipia vitu viwili: jina, na mlango kufungwa usoni pa mshindani wake. McDonald's wako na Kombe la Dunia tangu 1994. Katika kundi lao, yaani mikahawa ya chakula cha haraka, hakuna mwingine anayeruhusiwa kujiita mdhamini. Ada hiyo haimletei mteja hata mmoja. Inampa ruhusa tu. Matangazo, vikombe vya karatasi vyenye nembo, watoto wanaoingia uwanjani wameshikana mikono na wachezaji (mpango wao tangu 2002), yote hayo yana bajeti yake kando, na si ajabu ikazidi ada yenyewe. Kutokuwa na duka Nakuru hakuwasumbui, kwa sababu wako katika nchi zaidi ya 100 na mechi zinaonekana huko kote.

Ukitaka kuona mlango unavyofungwa, angalia Olimpiki ya London 2012. McDonald's walikuwa wadhamini, basi wauzaji wengine wa vyakula ndani ya viwanja walikatazwa kuuza chipsi, isipokuwa zikiwa na samaki. Wauza samaki wa Dunga wangepona, wewe na kuku wako mngebaki nje ya geti.

Kibanda chako kiko mbali na geti, kwa hiyo chakula chako ni chako. Shida ni bango. Picha ya kombe itoe. Neno FIFA, nembo ya mashindano, kikaragosi chao, vyote vitoe. Hizo ni alama zilizosajiliwa, na hapa kwetu kuna Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506. "Kombe la Dunia" ukiliandika kwenye ubao, "leo saa nne usiku, mechi ya Kombe la Dunia", hiyo ni habari. Ukilifanya jina la sahani unayouza, umeanza kudai undugu ambao hukuulipia. Ukiongeza "rasmi" au "mdhamini", unaingia pia kwenye Sheria ya Ushindani ya 2010, inayokataza matangazo ya kupotosha wanunuzi.

Na usidhani kukonyeza kunatosha. Mwaka 2010 shirika la ndege la Kulula la Afrika Kusini lilijitangaza kuwa ndege isiyo rasmi ya "mnajua nini". Halikutaja FIFA wala Kombe la Dunia. Lakini tangazo lilijaa mipira, vuvuzela, bendera na uwanja, na FIFA wakaandika barua liondolewe. Mpira mmoja kwenye bango si kosa, bendera si kosa. Ukirundika vyote pamoja na "2026", ule mrundiko ndio unaosomeka kama nembo.

Ratiba ya mechi ibandike, ila usiizungushie jina la kibanda wala bei zako. Iache peke yake ukutani.

FundiSkrini

Naongeza kwenye skrini: kifurushi cha TV cha nyumbani si cha biashara, uliza cha biashara mapema. Usitoze kiingilio, wala usimuuzie mwenye duka la rangi za ukuta au kampuni ya soda nafasi ya kudhamini usiku wako. Ukifanya moja ya hayo, kuonyesha mechi kunahesabiwa kuwa biashara ya maonyesho na unatakiwa leseni ya wenye mashindano.

HesabuKwanza (Njoro)

Nyinyi mmeshikilia bango, mimi naogopa ile soda.

Olimpiki ya Los Angeles 1984, McDonald's waligawa kadi za kukwaruza Marekani nzima. Kadi ina jina la mchezo. Mmarekani akipata dhahabu, mwenye kadi anakula Big Mac bure, fedha, chipsi, shaba, Coca-Cola. Kilichotangulia kujulikana ni Montreal 1976, ambako Marekani ilipata medali 94, 34 za dhahabu. Kisha Wasovieti na washirika wao wakasusia. Marekani ikaondoka na medali 174, dhahabu 83, na maduka mengine yakaripotiwa kuishiwa Big Mac. Kosa halikuwa ukarimu. Walitoa ahadi isiyo na kikomo juu ya jambo ambalo hawakulishika mkononi.

Sasa njoo kwako. Tuseme viti vimejaa, watu 40, sahani shilingi 150 na gharama yake 90. Faida ni 60 kwa sahani, jumla 2,400. Soda tuiweke shilingi 35 kwako. Kombe la 2022 lilikuwa na magoli 172 katika mechi 64, yaani karibu 2.7 kwa mechi. 40 × 2.7 ni soda 108, shilingi 3,780. Umeshaingia hasara kwenye mechi ya kawaida tu! Ikitokea ile ya Ujerumani na Brazil ya 2014, 7-1, ni soda 320, shilingi 11,200.

Kama lazima utoe, fanya hivi: kuponi 20 tu zenye namba na muhuri wako, kwa wateja 20 wa kwanza. Soda moja kwa goli la kwanza la mechi, basi. Hapo hata magoli yakinyesha, kikomo chako ni shilingi 700. Andika kwenye kuponi kwamba penalti za baada ya muda wa nyongeza hazihesabiwi, la sivyo mechi ikiisha 0-0 utabishana na mtu hadi saa nane usiku. Na kuponi ziende kwa aliyetangulia kufika. Ukianza kuchomoa majina kwenye kofia, hiyo ni bahati nasibu, nayo ina kibali chake serikalini.

KaraiMoto (Kondele)

Dada, au kaka, sijui ni nani, ila ulizia pia karai. Ufunguzi na fainali zote zinaanza saa nne usiku kwa saa zetu. Mapumziko yanaangukia karibu saa tano kasoro dakika kumi, na watu 40 watainuka kwa pamoja.

Karai la lita 10 za mafuta lisibebe zaidi ya kilo moja na nusu kwa mkupuo. Ukizidisha, joto linaanguka, viazi vinakunywa mafuta na vinatoka vimelegea. Mkupuo wa kumalizia (viazi ambavyo vimeshakaangwa mara moja) ni dakika 3, na mafuta yanahitaji dakika 2 kurudisha moto. Dakika 15 za mapumziko zinakupa mikupuo mitatu, kila mmoja sahani tano za gramu 250 ukiwa na bahati. Ni sahani 15. Hao 25 wengine watakula kipindi cha pili kikiendelea, au waende kwa jirani.

Kwa hiyo kaanga mara mbili, ya kwanza mapema. Kata viazi, loweka kwenye maji baridi dakika 20 hadi 30 wanga utoke, kausha kabisa kwa kitambaa. Maji yakiingia na viazi, mafuta yanafura na kumwagika kwenye jiko. Mara ya kwanza nyuzi joto 150 hadi 160, dakika 5, vitoke vimeiva bila rangi. Tandaza kwenye waya. Ndoo yenye kifuniko inavitoa jasho na havitakauka tena. Mara ya pili nyuzi 180. Anza mikupuo ya mwisho robo saa kabla ya mapumziko na uchukue oda na malipo kwa till mechi ikiwa bado mbichi.

Viazi: kilo moja mbichi, ukishamenya na kukaanga, inabaki kama gramu 450. Gunia la kilo 50 ni sahani 90. Aina ya Shangi ni tamu ila inachipua upesi, usinunue ya wiki tatu mbele. Na usiweke viazi kwenye friji, wanga unageuka sukari na chipsi zinakuwa kahawia nje kabla ya kuiva ndani.

ChipsiWa58

Ni dada. Asanteni. Soda nimeifuta, nitatoa kachumbari ya ziada kwa 20 wa kwanza. Kwenye bango je, nikiandika "Chipsi za Saa Nne Usiku", mpira mmoja, na rangi za kibanda changu?

AlamaNaChapa (Kisumu)

Chapa. Mpira uwe wa kuchora, usiige ule rasmi wa mashindano. Huo nao una mwenyewe.